Tunawafundisha Watoto Hukumu ya Kunyoa, Nani Atawafundisha Mkono?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Swahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Muulize kijana yeyote aliyepita katika madrasa zetu, awe wa Buyenzi, wa Nyamirambo, wa Kasongo au wa Kampala, mambo ya fitra ni yapi. Atakutajia bila ya kukwama: khitani, kunyoa mavuzi, kupunguza sharubu, kukata kucha na kunyonyoa nywele za kwapa, kama ilivyopokewa kwa Abu Hurayra (R.A.) katika Bukhari na Muslim. Mzidishie swali na atakupa muda wake pia: yasiachwe kupita siku arubaini, kwa hadithi ya Anas (R.A.) iliyomo katika Muslim. Sasa muulize wembe unashikwa vipi, na ule mkono wa pili usioshika wembe unatakiwa kuwa wapi. Hapo atacheka, atainamisha kichwa, na mazungumzo yatageuka.

Swali hilo la mwisho ndilo tunalotaka kulizungumza leo, na tutalizungumza waziwazi, kwa sababu ukurasa huu unasomwa na wazazi na wanafunzi, na jambo lenyewe liko katika kila nyumba. Maoni yetu ni kwamba anayemfundisha mtoto hukumu bila ya kumfundisha mkono amempa nusu ya somo. Nusu iliyobaki mtoto anajifundisha mwenyewe bafuni, mlango umefungwa, kwa wembe mkavu na kwa haraka, na karo ya somo hilo anailipa kwa damu yake.

Tazameni yanayofuata. Kijana amekatika, au siku tatu baadaye amejaa vipele vinavyowasha na kutoa usaha. Hamwambii mtu. Mara ya pili anaogopa, anaacha mpaka siku arubaini zinapita, naye anajua zimepita, na moyo unamsuta. Binti ananunua dawa ya kunyonyolea dukani bila ya kusoma maelezo, anaiacha kwenye ngozi muda mrefu kuliko ulioandikwa, anaungua. Na walioko shule za bweni, wembe mmoja unazunguka chumba kizima kwa sababu mwenye nao ni mmoja. Mambo yote haya yanatokana na jambo ambalo mzazi angeweza kulifundisha kwa robo saa.

Isidhaniwe kwamba ni jambo dogo lisilostahiki kuandikiwa. Wanavyuoni huita kunyoa mavuzi istihdaad, na neno hilo linatokana na hadiid, yaani chuma, maana yake kutumia chuma chenye makali. Kwa hiyo chombo chenyewe kimo ndani ya jina la ibada. Katika Bukhari mmepokewa kisa cha Khubayb bin Adiyy (R.A.), aliyetekwa na kuuzwa Makka kwa watoto wa mtu ambaye yeye alimuua katika vita vya Badr. Walipokwisha kukata shauri la kumuua, aliazima wembe kwa mwanamke wa nyumba ile ili ajisafishe. Mwanamke akaghafilika, mtoto wake mdogo akamwendea Khubayb, na mama alipogeuka akamkuta mwanawe amekaa pajani pa yule mateka, na wembe uko mkononi mwake. Alifazaika. Khubayb akamtoa wasiwasi kwamba yeye si mtu wa kufanya kitendo kama hicho. Sisi hukisoma kisa hiki kwa ajili ya uaminifu wa Khubayb, na ni haki, lakini tuangalie pia alichoomba. Mtu anakwenda kuuliwa, na haja yake ni wembe.

Wala si jambo la wanaume peke yao. Jabir (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa akirudi safari pamoja na Swahaba zake aliwazuia wasikimbilie kuingia majumbani mwao ghafla, ili mke ambaye mumewe hakuwapo apate nafasi ya kuchana nywele na kunyoa. Mabinti zetu nao wana haki ya kufundishwa.

Tuje kwenye mkono wenyewe.

Ngozi ya mwanadamu ni laini na imelegea. Ukiupitisha wembe juu ya ngozi iliyolegea, ngozi inasukumwa mbele na kufanya mkunjo mdogo, kama shuka inavyojikunja mbele ya kiganja ukiisugua kitandani. Wembe unapoupanda mkunjo ule ndipo unapokata nyama. Watu wengi wanadhani wamekatika kwa sababu wembe ni mkali mno. Mara nyingi wamekatika kwa sababu ngozi haikushikwa, au kwa sababu wembe umekwisha makali wakalazimika kuukandamiza. Wembe mkali juu ya ngozi iliyotandikwa unapita kwa uzito wake wenyewe.

Basi mkono mmoja unanyoa na mmoja unatandika. Mkono wa kutandika unakaa nyuma ya wembe na unavuta upande wa pili wa unakokwenda wembe: wembe ukienda chini, vidole vinavuta juu, wembe ukienda kulia, vidole vinavuta kushoto. Usiviweke vidole mbele ya wembe hata mara moja, kwa sababu wembe ukiteleza utakuta nyama ya kidole. Na kwa kuwa ngozi yenye povu inateleza, kausha ncha za vidole kwa taulo kabla ya kushika, au shika kwa kitambaa kidogo kikavu. Vinyozi wa zamani walikuwa wakigusa kipande cha shabu kwanza, kwa sababu shabu hufanya vidole vishike, na hicho hicho kipande kikasaidia kukausha damu wakimkata mtu. Bei yake ni ndogo na kinakaa miaka. Tunakipendekeza kiwe katika kila bafu.

Kabla ya hapo kuna maandalizi, nayo tutayapita haraka. Nywele zikiwa ndefu zipunguzwe kwa mkasi kwanza. Kisha maji ya vuguvugu dakika mbili au tatu, kwa sababu unywele ulioloa hulainika na kukatika kwa urahisi, na mtu anayenyoa baada ya kuoga amekwisha kulipata hilo bila ya taabu. Kisha povu zito la sabuni, lisuguliwe mpaka liingie chini ya nywele. Wembe ulazwe, usisimamishwe: kati ya makali na ngozi pawe na pembe ya kiasi cha nyuzi 30. Mwenye ile mashine ya chuma inayotiwa wembe wa makali mawili atakuta mwenyewe mahali wembe unapoanza kukata bila ya kukwaruza, kwa kuinua na kushusha mpini kidogo kidogo. Hatua ziwe fupi, na wembe usuuzwe majini kila mara.

Na kabla ya kuweka wembe, pitisha kidole ujue nywele zinalala upande gani. Upande unaohisi ulaini ndio upande zinakoelekea, na huko ndiko wembe unakokwenda.

Kila mahali pana utandikaji wake. Kinena hutandikwa kwa kiganja kuelekea kitovuni, wembe ukashuka. Ile ngozi ya chini iliyolegea sana na yenye mikunjo haifai kushindaniwa na kijana anayejifunza. Mkasi mdogo wenye ncha butu unamtosha. Kwapa lina shida yake, kwamba mkono wa upande ule hauwezi kujitandikia wenyewe na mkono wa pili umeshika wembe. Dawa yake ni kuuinua mkono juu na kuweka kiganja nyuma ya kichwa, mpaka lile shimo la kwapa lijitandaze. Tena nywele za kwapa hazielekei upande mmoja, aghlabu za juu hupanda na za chini hushuka, kwa hiyo hunyolewa kwa vipande. Asiyejua haya hupita kwapa zima kwa mkokoto mmoja kisha analalamika kuwa linamuwasha wiki nzima.

Mtu atasema: lakini Sunna ya kwapa ni kunyonyoa. Ni kweli, na mwenye kuliweza na alifanye. Lakini Imam Nawawi (Rahimahullah) katika sherehe yake ya Sahih Muslim ameeleza habari ya Yunus bin Abdil-A'la, kwamba aliingia kwa Imam Shafi (Rahimahullah) akamkuta kinyozi anamnyoa kwapa, na Imam akasema kuwa anajua Sunna ni kunyonyoa ila hauwezi uchungu wake. Ikiwa Imam ambaye Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanafuata madhehebu yake alilisema hilo bila ya kuona haya, basi binti wa miaka kumi na minne asilazimishwe kwa maneno makali.

Sharubu hazihitaji wembe hata kidogo kwa maoni yetu. Kilichoamrishwa ni kuzipunguza, na Imam Malik (Rahimahullah) alikuwa akichukia sana kuzinyoa zote. Mkasi, kioo, na mdomo wa juu uvutwe chini juu ya meno ili ukingo wake uonekane. Ama ndevu, Mtume (S.A.W.) ameamrisha ziachwe, na hatukuandika makala hii kumfundisha mtu kuziondoa. Wanaosafisha nywele za shingoni chini ya taya wajue tu kwamba hapo ndipo mahali pagumu kuliko pote, nywele zinazunguka kama maji ya kisima, na koromeo linasogea. Kichwa kiinuliwe, na ngozi ya koromeo isogezwe pembeni mpaka ikae juu ya sehemu tambarare.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililotufanya tushike kalamu. Vijana wengi siku hizi wanajifunza kunyoa kwa kutazama video za watu wa Ulaya na Marekani wenye nywele zilizonyooka, na ushauri wanaoupata ni mmoja: kaza ngozi kadiri unavyoweza, kisha nyoa na urudie kinyume cha nywele mpaka pawe laini kabisa. Kwa mwenye nywele zilizonyooka huenda asipate taabu kubwa. Kwetu sisi ushauri huo ni hatari.

Nywele za wengi wetu zimejikunja tangu ndani ya ngozi, kwenye shina. Ukiivuta ngozi kwa nguvu, unywele unachomoza kupita kiasi chake cha kawaida. Ukiukata pale na kuiachia ngozi, unywele unarudi ndani na kuzama chini ya uso wa ngozi, na ncha yake sasa imechongoka kama sindano. Unapoanza kukua, kwa kuwa umejikunja, hautoki kwa mlango wake, bali unatoboa ubavu wa kijishimo chake na kuingia nyamani. Kuna na njia ya pili, unywele unatoka nje vizuri, kisha unajipinda na kuingia ngozini kutokea juu. Kwa vyovyote vile mwili unauona kama mwiba, unapigana nao, na hapo ndipo panapotoka kile kipele, kisha usaha, kisha doa jeusi linalokaa miezi. Madaktari wa ngozi wamelieleza hili kwa muda mrefu, na wanalikuta zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Vile vinyoleo vya plastiki vyenye nyembe tatu au tano kwa pamoja vinafanya jambo hilo hilo hata mtu asipoikaza ngozi, maana wembe wa mbele unauvuta unywele na wa nyuma unaukata chini zaidi. Wembe mmoja, wa bei ndogo kuliko wote dukani, unamfaa zaidi kijana wetu kuliko kile kinyoleo cha tangazo.

Kwa hiyo tunatofautisha baina ya kutandika na kuwamba. Kutandika ni kuiondolea ngozi mikunjo ili wembe usipate cha kupanda. Kuwamba ni kuivuta mpaka ikawa kama ngozi ya ngoma. Tandikeni, wala msiwambe. Alama yake ni nyepesi: ukiona ngozi chini ya kidole inabadilika rangi kwa kuvutwa, au unahisi maumivu, umekwisha kuvuka mpaka, legeza. Nyoa mara moja kuelekea nywele zinakolala, kisha basi. Mabaki madogo yanayohisiwa kwa kidole hayana ubaya wowote kwa sharia wala kwa afya. Kinachotakiwa ni usafi, na hakuna aliyetukalifisha ulaini wa kioo.

Na aliyekwisha kupata vipele vya namna hii asiendelee kunyoa juu yake. Apumzishe mahali pale kiasi cha mwezi, atumie mkasi au mashine ya umeme inayobakiza nywele fupi, wala asivitumbue kwa kucha. Vikiendelea, aende hospitali. Wala asiogope kwamba ameikosa Sunna kwa kuacha wembe. Imam Nawawi amebainisha kwamba kunyoa ndiko bora katika mavuzi, lakini kukata, kunyonyoa na kutumia nura, yaani ile dawa ya chokaa waliyokuwa wakitumia watu wa zamani, vyote vinafaa. Dini imeacha mlango wazi, basi tusiufunge kwa ukali wetu.

Kichwa nacho kina habari yake. Siku ya Hudaybiya, Mtume (S.A.W.) alipotoka kwa ushauri wa Mama yetu Umm Salama (R.A.) akachinja na kumwita kinyozi wake akamnyoa, Swahaba nao waliinuka wakanyoana wao kwa wao, na katika Bukhari imeelezwa kwamba kwa huzuni waliyokuwa nayo walikaribia kuuana. Mahujaji wetu wanaonyoana hemani au hotelini wanaikumbuka siku ile bila ya kukusudia, maana na wao huwa na haraka, ingawa haraka yao ni ya kutaka kuvua ihramu. Anayemnyoa mwenziwe aanze upande wa kulia, kama alivyonyolewa Mtume (S.A.W.) katika Hijja ya kuaga, na mkono wa pili uwe juu ya kichwa muda wote, ukitandika ngozi nyuma ya wembe. Juu ya masikio, sikio likunjwe kwa vidole. Kisogoni, anayenyolewa ainamishe kichwa mpaka kidevu kiguse kifua, kwa sababu mikunjo ya kisogo hutandikwa kwa kuinama kuliko kwa vidole.

Hapo kisogoni tuna neno na vinyozi wetu. Ule mtindo wa kuchora mstari kwa kukwangua na wembe mkavu nyuma ya shingo kila wiki ni miongoni mwa mambo yanayochochea vile vinundu vigumu tunavyoviona kwenye visogo vya vijana, ambavyo kwa baadhi yao hugeuka kovu lililovimba ambalo nywele hazioti tena. Mwambieni kinyozi asikwangue kisogo. Ni haki ya mteja, na kinyozi mwema hachukii.

Tulitaje na jambo la mtoto mchanga. Siku ya saba anachinjiwa akika, ananyolewa, na uzito wa nywele zake unatolewa sadaka kwa fedha, na katika madhehebu ya Shafi hilo ni kwa mtoto wa kiume na wa kike. Ni furaha kubwa, jamaa wamekusanyika, na mara nyingi wembe hupewa mzee kwa heshima yake, hata kama macho yake yamepungua na mkono wake unatetemeka. Hapa tunasema kwa adabu zote: mzee apewe heshima ya kusoma dua na kuanza kwa kukata kishungi kidogo kwa mkasi, na wembe apewe mwenye mkono. Ngozi ya kichwa cha mtoto inateleza juu ya mfupa na utosi wake bado haujafunga. Kichwa kiloweshwe kwa maji ya vuguvugu, mama amshike akiwa ameshiba na amesinzia, anayenyoa atandike kwa kidole gumba na cha shahada nafasi ya upana wa vidole viwili tu, anyoe hapo, kisha asogee. Juu ya utosi asikandamize hata kidogo. Mtoto akilia na kurusha kichwa, wembe uwekwe chini mpaka anyamaze. Wageni watasubiri pilau, na wala pilau halitapoa kwa dakika kumi.

Juu ya wembe wa kuazimana hatuna maneno mengi, kwa sababu jambo liko wazi. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, hata kwenye tone la damu ambalo jicho halilioni, na Ukimwi na homa ya ini aina ya C navyo hupitia kwenye damu. Kusuuza kwa maji si kusafisha. Ndugu wawili wa tumbo moja wasitumie wembe mmoja, wala mume na mke. Mzazi anayempeleka mtoto bweni amtie kwenye sanduku lake pakiti ya nyembe pamoja na sabuni na dawa ya mswaki, kwa idadi itakayomtosha muhula mzima na ya kumpa mwenziwe asiyekuwa nao. Kinyozi afungue wembe mpya mbele ya macho yako, na yule anayetumia mpini unaotiwa nusu ya wembe hana udhuru, kwa sababu nusu ile ni ya mtu mmoja. Nyembe zilizotumika zitiwe katika kopo lenye kifuniko kilichopasuliwa kidogo, zisitupwe jalalani ambako watoto wanacheza na watu wanaokota chupa.

Linabaki la haya. Tunajua wapo watakaosema kwamba mambo haya si ya kuandikwa, na kwamba kila mtu atajifunza mwenyewe kama walivyojifunza wazee. Tunaiheshimu haya, ni tawi la imani. Lakini Mama yetu Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao, na walikuwa wakimuuliza Mtume (S.A.W.) mambo ambayo leo binti hathubutu kumuuliza mama yake mzazi. Kwa desturi zetu hatujapungukiwa na watu wa kulifanya hili. Pwani wana somo, Baganda wana senga, yaani shangazi, ambaye kazi yake tangu zamani ni kumfunda binti. Mvulana ana baba, ami, mjomba na kaka mkubwa. Anayeshindwa yeye mwenyewe amkabidhi mmoja wao kwa jina na kwa siku, asiseme tu kwamba watazungumza.

Wala kufundisha hakuhitaji mtu kufunuliwa uchi wake, na haijuzu. Wanaojifunza ukinyozi hufanya mazoezi kwa puto. Lipulize puto, lipake povu, kisha mpe kijana wembe alinyoe povu lote bila ya kulipasua. Akikandamiza, litapasuka, na wadogo zake watacheka. Kisha lipunguze upepo liwe limelegea, umwambie ajaribu tena. Ataona kwa macho yake puto linavyobonyea na kujikunja mbele ya wembe, na ataona linavyotulia mara tu akilitandika kwa mkono wa pili. Baada ya hapo anyoe nywele za mkono wake mwenyewe mbele yako, kuanzia chini ya kiwiko, na somo limekwisha. Mama na binti wafanye hivyo hivyo kwa upande wao.

Wakati mzuri wa kulifanya ni mwishoni mwa Mfunguo Pili, kabla ya mwezi wa Hijja kuandama. Katika hadithi ya Umm Salama (R.A.) iliyomo katika Muslim, mwenye kukusudia kuchinja hatakiwi kuondoa nywele wala kucha zake tangu mwezi uandame mpaka achinje, kwa hiyo wengi katika nyumba huwa wanajisafisha siku zile zile, na nyembe, sabuni na shabu vimekwisha kununuliwa. Mwenye siku zake arubaini zinazoangukia ndani ya siku zile kumi azihesabu mapema na atangulize.

Wallahu a'alam.